Mashua ya Lurambi

Lurambi, Kakamega
9 Agosti 1964

Kaka yangu Chrispinus,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Kifua kilichokusumbua mwezi wa sita kinaendeleaje? Mimi sijambo, ni mguu tu unauma baridi ikiingia. Watu wa kanisani bado wananiulizanga kama umeoa. Nimewaambia umeoa ziwa.

Sasa kaa chini. Nimenunua mashua.

Usicheke. Yule Mzungu wa machimbo ya dhahabu, bosi wa marehemu mume wangu Barasa, ameuza kila kitu anarudi kwao. Jana palikuwa na mnada uwanjani kwake: vitanda, kinanda, hata mbwa, na ile mashua ya mbao yenye injini ambayo Barasa alikuwa akiivuta kwa gari mpaka kwenu Port Victoria kila Mzungu alipotaka kuvua samaki. Tangu Barasa afe hakuna aliyeigusa. Imekaa miaka mitatu chini ya mabati, juu ya tela lake.

Unajua nani aliitaka? Shemeji yangu Cornelius. Alikwisha kutangaza mji mzima kwamba ataipeleka ziwani kubeba watu na samaki. Alikuja mnadani na suti. Mimi nilikuja na pesa ya mitamba yangu miwili, na kila alipoinua mkono nikainua wangu. Watu wakaanza kucheka. Alipoona wanacheka akashusha mkono, akajifanya anaangalia saa.

Wewe ulikuwepo siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi ya Barasa. Ulikaa mkono wangu wa kulia. Ulimsikia Cornelius aliposimama mbele ya ukoo mzima, akasema, "Ndugu yangu hakuacha mke. Aliacha mpishi." Yote hayo kwa sababu sikuzaa, na kwa sababu nilikataa anirithi. Jioni ile ile nilitoka kwenye nyumba yangu ya Shieywe na sufuria moja, na yeye akaingia. Tangu siku hiyo naamka na hilo neno, nalala nalo. Nyumba siitaki tena, akae nayo. Ninachotaka ni siku moja alimeze hilo neno mbele ya watu.

Mashua inaanziwa wapi mimi sijui. Sijawahi hata kupanda. Wewe ni mtu wa ziwa, niambie.

Dada yako,
Khalayi


Port Victoria
25 Agosti 1964

Dada Khalayi,

Barua yako imenikuta mzima, kifua kimetulia, ila mbu ndio wanatumaliza. Huo mguu upake mafuta ya moto, usiupuuze.

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikaacha. Dada, mashua kuukuu si kitu cha kununua kwa hasira. Lakini umeshanunua, basi nisikilize.

Injini iache kwanza. Chukua kisu chenye ncha, lala chini ya mashua, uchomechome mbao polepole, hasa nyuma inakofungwa injini, na chini kwenye uti wake. Kisu kikigoma, ubao ni mzima. Kikizama kama kwenye muhogo uliochemka, weka alama ya mkaa, hapo pameoza. Halafu tafuta tundu dogo chini kule nyuma, la kutolea maji. Lina kizibo. Kama hakipo chonga kingine leo leo, maana kuna watu wazima wenye akili zao waliozamisha mashua kwa kusahau kizibo, na mmoja wao ndiye anayekuandikia.

Petroli iliyobaki kwenye tangi mwaga yote, imekuwa uchafu. Osha tangi. Petroli mpya uichanganye na oili, injini hizi hazinywi petroli tupu. Plagi zifungue uzisugue. Na usiiwashe injini ikiwa hewani hata kwa mzaha, kwa sababu inapozwa na maji ya ziwa. Ukiiunguza mara moja umeipoteza. Mguu wake uutumbukize kwenye pipa la maji, ndipo uvute kamba.

Cornelius muache. Nilimsikia siku ile, na ningempiga kama usingenishika shati. Lakini kwenye maji mtu mwenye hasira husahau vitu.

Kaka yako,
Chrispinus


Lurambi
13 Septemba 1964

Kaka Chrispinus,

Natumaini umelala vyema na mbu wamekuachia damu kidogo. Mguu wangu umesikia mafuta, asante.

Nimefanya yote. Nililala chini ya mashua na kisu, majirani wakasimama kwenye ua wakinihurumia, wakidhani akili imeruka. Kisu kiligoma kila mahali isipokuwa ubao mmoja nyuma. Fundi wa vitanda ameubadilisha. Kizibo nilikikuta Barasa amekifunga kwa kamba kwenye kiti kisipotee. Nikakaa hapo nikalia kidogo, halafu nikaendelea.

Injini ilinitesa siku nzima. Niliazima pipa kwa Jescah, jirani yangu. Nilivuta kamba mpaka bega likakataa. Kisha ikaguruma, maji yakaruka kutoka kwenye pipa yakalowesha nguo zote za Jescah alizokuwa ameanika, na ingokho zangu, kuku wote, zikatoroka zisirudi nyumbani mpaka jioni. Nusu ya Lurambi ilikuja kuangalia. Nilisimama hapo na oili mpaka kwenye viwiko nikasema kwa sauti, haya, kamwambieni Cornelius mpishi amewasha injini.

Wakamwambia. Jumanne alikuja na wazee wa ukoo wa Barasa. Anasema mashua ni mali ya marehemu kwa kuwa Barasa aliitunza kwa mikono yake, na kwamba mitamba niliyouza ilizaliwa na ng'ombe wa Barasa, kwa hiyo hata pesa ilikuwa yao. Kesi itasikilizwa mwisho wa mwezi. Mzee Lazarus, mkubwa wao, ndiye atakayeamua.

Dada yako,
Khalayi


Port Victoria
27 Septemba 1964

Dada Khalayi,

Nakusalimu kwa haraka, lori la samaki linangoja barua hii. Mimi mzima. Nakuombea kesi iende vizuri.

Kuna jambo nilisahau, nalo ni kubwa kuliko yote niliyokuandikia. Mbao zilizokaa kavu miaka yote hiyo zimesinyaa. Ukiingia ndani mchana utaona mwanga ukipita kwenye maungio. Usidhani rangi itaziba. Rangi inaficha tu. Dawa yake ni maji yenyewe. Kabla hujapakia hata mtu mmoja, iache ukingoni kwenye kina kifupi, ijae maji, izame ikitaka, ikae hivyo juma zima au zaidi, mbao zinywe, zivimbe, zibanane. Ndipo utoe maji. Ukiitoa kwenye lori ukapakia siku hiyo hiyo, itazama na uliowabeba.

Uisome mara mbili hii barua.

Kaka yako,
Chrispinus


Lurambi
18 Oktoba 1964

Kaka Chrispinus,

Salamu za upendo. Hapa mvua imekatika, jua linachoma mpaka udongo unapasuka. Mimi mzima wa afya kabisa. Barua yako niliisoma mara mbili kama ulivyosema, na mara nyingine zaidi.

Kesi imekwisha. Mzee Lazarus alisikiliza kila upande, halafu yeye na wazee wenzake wakatugawia mashua kama ng'ombe wa sherehe. Mbao ni za Cornelius, kwa sababu jasho la marehemu limo ndani yake. Injini ni yangu, kwa sababu wote walisikia ikiguruma mkononi mwangu. Nani mwingine duniani amewahi kukata mashua mbavu na kichwa? Lakini walikuwa wameridhika sana na hekima yao, wakaomba chai.

Ulidhani ningepiga kelele. Niliinama nikasema nimekubali. Cornelius alinitazama sana, hajawahi kuniona nikiinama. Amesema injini yangu kuukuu haimsumbui, ataagiza mpya Kisumu. Nikamwambia, shemeji, kwa kuwa mashua imekuwa yako acha nikupakie rangi, isikutie aibu ziwani. Akafurahi. Nimekwenda Shieywe kila siku, nikapaka rangi uani mwa nyumba iliyokuwa yangu, nikinywa maji mlangoni kama mgeni. Bluu na nyeupe. Niliweka na jiko la mkaa chini yake ikauke vizuri. Inang'aa, kaka, ungeipenda.

Siku ya mwisho aliniuliza kama kuna jambo lolote la kujua kabla hajaipeleka majini. Nikamjibu mimi ni mpishi tu, nitajua nini.

Dada yako,
Khalayi


Port Victoria
22 Novemba 1964

Dada Khalayi,

Habari za huko. Mimi ni mzima lakini sina raha, na wewe ndiye sababu.

Cornelius alikuja hapa wiki iliyopita. Ataizindua mashua Siku ya Jamhuri, tarehe kumi na mbili. Itafika kwa lori asubuhi ile ile, rangi isichafuke kabla watu hawajaiona. Ameniajiri mimi kuwa dereva, maana hapa hakuna mwingine aliyezoea injini, nami nikakubali kabla sijafikiri. Ameita kwaya ya akina mama, amemwita Mzee Lazarus, na amewaahidi akina mama wa kisiwa cha Mageta kwamba safari ya kwanza itawarudisha kwao. Hao wanakuja sokoni na watoto mgongoni, na wengi wao hawajui kuogelea.

Nilimuuliza kama mashua imeloweshwa. Akasema, "Shemeji mwenyewe ameitayarisha."

Sasa nakuuliza wewe. Imeloweshwa au haijaloweshwa? Nijibu kabla ya siku hiyo. Neno lako nitaliamini.

Kaka yako,
Chrispinus


Lurambi
4 Desemba 1964

Kaka,

Nakusalimu. Mimi sijambo.

Tarehe kumi na mbili uwe mgonjwa. Tumbo linatosha. Usipande, na usiniulize zaidi.

Dada yako,
Khalayi


Port Victoria
14 Desemba 1964

Khalayi,

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na moja, jua linatua. Ingelala posta siku moja zaidi nisingekuwa hapa kukuandikia. Hayo ndiyo maamkizi yangu leo.

Sikuwa mgonjwa. Lori lilipofika nilikwenda kwa Cornelius pembeni, nikamwambia kwa heshima kwamba mashua hii ni kavu, iache majini mpaka mwaka mpya, waambie watu sherehe imeahirishwa. Akacheka. Akasema, "Dada yako amekutuma. Bado anaililia." Akanifukuza kazi hapo hapo.

Akina mama wa Mageta walikuwa wameshapanga mstari kwenye gati. Watoto wameshafungwa migongoni, dada. Mmoja alikuwa amelala, mdomo wazi. Nikasimama mbele yao nikasema mimi ndiye niliyekuwa dereva na sipandi, na mwenye mtoto naye asipande. Hawakuuliza kwa nini. Walirudi nyuma wote, na wageni wakafuata, hata Mzee Lazarus, ambaye alikuwa amevua kofia tayari kupanda.

Cornelius aliona aibu inamjia. Akaingia peke yake, na suti, na pipa la petroli na kreti za soda za wageni. Injini mpya iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Kwaya ikaanza kuimba. Alienda vizuri mpaka mahali ambapo ungeweza bado kumtambua uso, halafu tukamwona anainua miguu anaiweka juu ya kiti. Nadhani alifikiri ni mawimbi yaliyorukia ndani. Kisha nyuma ikashuka, mbele ikasimama, na bluu na nyeupe yako ikapotea. Kwaya haikuwa imeambiwa inyamaze, ikaendelea.

Hajui kuogelea. Nilimfikia na mtumbwi, nikamshika ukosi wa koti. Alikuwa mzito kwa maji na alinishika shingo mpaka nikadhani tunaenda wote. Ufukweni mama mmoja wa kwaya alimvisha leso yake. Alitetemeka kwa baridi na kwa hasira, akasema mbele ya kila mtu, "Takataka ile. Anayeitaka aichukue, mimi sina haja nayo tena." Injini yake tuliipata kwa kamba. Mashua imelala huko chini.

Ulichokitaka umekipata, mji wote ulimcheka. Lakini wakati napiga kafi kumfuata sikumfikiria yeye wala wewe. Nilimfikiria yule mtoto aliyelala. Ulijua watakuwepo, nilikuandikia mwenyewe. Ukaniokoa mimi peke yangu.

Usiniandikie kwa muda.

Chrispinus


Lurambi
3 Januari 1965

Kaka Chrispinus,

Umenikataza kuandika na nimevumilia nilivyoweza. Heri ya mwaka mpya. Natumaini maji yale ya Desemba hayakukuamshia kifua.

Sitajitetea. Nilisoma kuhusu wale akina mama na watoto wao. Nilikaa na barua yako kutwa kabla sijachukua kalamu, na nilipoichukua nikakuandikia wewe tu, kwa kuwa ningesema yote, Cornelius angepona. Sasa hilo ndilo linaloniamsha alfajiri. Kwako naomba msamaha. Kwa wale mama pia, nipelekee kwa mdomo wako.

Kwa Cornelius sina msamaha. Hapa wanamwita Bwana Soda, na nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini neno lake bado liko pale pale. Amezama, ametoka, na hajalirudisha.

Dada yako,
Khalayi


Port Victoria
31 Januari 1965

Dada Khalayi,

Kifua kizima, na hasira imepungua. Natumaini na wewe unalala.

Msamaha wako nimeupeleka Mageta. Mama mmoja amepokea. Mwingine ametema mate. Utawakuta wote wawili, maana nataka uje.

Juzi wavuvi walinisaidia kuizamia mashua. Tuliifunga kamba, tukaivuta, tukaipindua ikamwaga matope, tukaiacha inaelea ukingoni usiku kucha. Asubuhi nilikwenda na kopo la kutolea maji. Sikuwa na kazi ya kulifanyia. Ndani ni pakavu kabisa, hakuna tone lililoingia. Mbao zimekunywa tangu Jamhuri, zimebanana hata ukucha hauingii, na rangi yako ya ujanja imebanduka yote. Cornelius ameilowesha mwenyewe bila kujua.

Nimemwandikia Mzee Lazarus kumkumbusha alichosikia ufukweni. Amejibu kwamba masikio yake bado ni mazima, na kwamba mtu akitupa kitu mbele ya mashahidi hakirudii.

Lete injini.

Kaka yako,
Chrispinus


Port Victoria
2 Mei 1965

Dada yangu,

Natumaini ulifika Lurambi salama na mgongo umepona safari. Hapa bado wanasimulia jinsi ulivyoshika kiti kwa mikono miwili na macho umefumba, mpaka tukafika Mageta. Injini haijanisumbua hata siku moja. Yule mama aliyetema mate sasa hukaa karibu na mimi na kuniuliza habari zako, ingawa bado hataki kutamka jina lako.

Jana Cornelius alikuja. Hana suti siku hizi. Ananunua samaki Mageta kwa wingi, lakini mitumbwi inachelewa chini ya jua, samaki wanafika huku wameharibika, na wateja wake Kakamega wamechoka. Injini yake mpya ameifunga kwenye mtumbwi, ukapasuka. Aliongea chini chini, akitazama miguu yake. Anaomba nafasi mara mbili kwa wiki, yeye na vikapu vyake. Akasema nikusalimie, "yule mama".

Mimi ningemkatalia nimalize. Lakini mashua ni yako. Nimjibu nini?

Kaka yako,
Chrispinus


Lurambi
16 Mei 1965

Kaka Chrispinus,

Salamu kwako na kwa watu wote wa gati, na kwa yule mama wa Mageta, hata kama hataki kunitaja. Mgongo umepona. Mahindi yamefika magotini.

Usimkatalie. Ukimkatalia atarudi Shieywe aseme tunamwonea, na wapo watakaomhurumia. Mpe nafasi yake. Mkalishe mbele kabisa, pale maji yanaporukia.

Ila asipande kimya kimya. Subiri mashua ijae watu, na kama Mzee Lazarus yuko huko siku hiyo, vizuri zaidi. Akishaweka mguu mmoja ndani, mwingine bado uko kwenye gati, muulize kwa sauti ya kusikika: mashua hii ni ya nani?

Atasema ya Khalayi. Mwambie akina Khalayi ni wengi. Atasema ya dada yako. Mwambie una dada wengi. Mwache asimame hivyo hivyo, mguu huku na mguu kule, mashua inacheza chini yake na watu wanamtazama, mpaka aseme ni ya mke wa Barasa.

Akisema, washa injini. Na safari ya pili umuulize tena, na ya tatu, na zote.

Dada yako,
Khalayi